Sababu Iliyoandikwa Kabla ya Ombi

Voi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Wakesho,

Nakuandikia ukiwa bado hujaondoka, na najua utanicheka. Umekwenda mtaa wa Kaloleni kusukwa nywele. Baba yako yuko stesheni akiulizia tikiti yako kwa mara ya tatu, kana kwamba treni itabadilisha nia. Mjomba wako Mwadime, aliyefika asubuhi kutoka Rukanga, ameketi nje ya mlango wa jikoni. Nimepata saa mbili hivi za peke yangu, na barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya sweta. Usiifungue mpaka uwe umefika huko Ulaya na umelala usingizi wa kutosha.

Habari za kuvaa nguo nzito, kula vizuri na kutopoteza pasipoti hutazipata hapa. Hizo nimezisema mwezi mzima, na juzi nilikusikia ukiniigiza mbele ya wenzako, sauti na mkono kiunoni. Ulinipata sawasawa. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Kwanza nijisifu, maana ni haki yangu. Mtoto wa karani wa kupiga taipu anakwenda kusoma jinsi mahakama za kimataifa zinavyozipima serikali zinapobana haki za mtu. Mwaka mzima wa masomo, kisha miezi mitatu ndani ya mahakama yenyewe, ukisoma mafaili ya watu walioishtaki nchi yao. Nimelitangazia kanisa zima. Nimemwambia muuza nyama. Bi Zuhura wa dukani, ambaye kwao ni pwani na hapitwi na neno, aliniambia, "Hongera sana, Mama Wakesho. Mwanao huyo inshallah atakuja kututetea sote. Lakini mwambie asije akaolewa huko na baridi yao." Nimetembea mji huu wiki mbili kifua mbele, na kama kuna mtu ambaye hajasikia, basi alikuwa safarini.

Sasa niseme lililonikalisha hapa.

Nilipokuwa na serikali yangu ndani ya nyumba hii nilikuwa mkali, nakiri. Ulipokuwa kidato cha tatu kwaya ya vijana ilialikwa Taveta wiki ya Pasaka, nikakukataza kwenda. Ukauliza kwa nini. Nikasema usalama. Ukauliza usalama gani. Nikasema usalama ni usalama. Ukaenda zako, nikadhani nimeshinda. Kumbe ulikuwa unangoja tufike kwetu Rukanga, ukanishtaki kwa nyanya yako mbele ya watu wanaokula.

Marehemu mama yangu alikuuliza, "Umeongea na mama yako?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na baba yako?"

"Bado."

"Basi enda kwa baba yako kwanza. Kwangu hujafika bado."

Ukamwendea baba yako, naye akakujibu kama kawaida yake: "Muulize mama yako." Ukarudi kwa nyanya, na hapo ndipo alipoikubali kesi. Hakuniambia kwamba mimi ni mama mbaya. Aliniuliza tu, "Unaogopa nini hasa?" Nikazungukazunguka, mwishowe nikasema kweli: nilikuwa naogopa yule kijana mpiga kinanda. Akasema, "Ala! Sasa unafungia kwaya yote kwa sababu ya kinanda? Mtoto aende, alale nyumba moja na mama wa kanisa." Ulikwenda. Ulirudi na mafua na wimbo mmoja uliouimba mpaka tukauchukia.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mambo ya nyanya yako yameandikiwa vitabu. Ulikuwa likizo kutoka chuo kikuu, tunachambua kunde hapo nje, nikakuuliza hao majaji wa mbali wanajuaje ya kwetu. Ukaweka ungo chini. Ukaniambia, "Mum, wao hawaanzi kwa kuuliza kama serikali ni mbaya. Kwanza wanauliza kama umemaliza mahakama za kwenu. Kama hujamaliza, wanakurudisha." Nikasema huyo ni nyanya yako mtupu. Ukacheka, ukaendelea. Ukasema kuna haki zisizoguswa hata kidogo, kama ile ya kutoteswa. Hapo serikali haina la kujitetea. Lakini haki ya kusema, ya kukutana, ya kwenda utakako, serikali inaweza kuzibana, ila ni lazima ijibu maswali matatu. Kizuizi kiliwekwa na sheria ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijua? Kilikuwa na lengo linalokubalika, kama kulinda maisha ya watu au haki za wengine? Na kilihitajika kweli, kwa kiasi hicho, au kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile?

"Hilo la tatu," ukasema, "ndilo linaloangusha serikali nyingi."

Nilikutazama, kichwa kimejaa vitabu na vidole vimejaa maganda ya kunde, nikajivunia hadi nikaona haya. Lakini swali hilo la tatu lilikuwa langu pia. Nilichukua ungo nikaingia ndani nikisema natafuta chumvi. Kunde zilikuwa hazijaanza hata kupikwa.

Wakesho, unajua nilipiga taipu miaka ishirini na miwili katika ofisi moja ya serikali hapa Voi. Jina lake tuliache, waliomo sasa ni watu wengine. Usichojua ni kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu nilikula kiapo cha siri, na mimi kiapo nilikishika kuliko wakubwa walionilisha. Leo nakivunja. Nimestaafu, na wakitaka kunifuata wanajua nyumba ilipo.

Katika miaka ile mtu hakuweza kuitisha mkutano bila kibali. Wewe umesoma sheria yenyewe, na umeona ilivyobadilishwa baadaye. Mimi niliishi nayo mezani. Maombi yaliletwa kwetu, bosi anaamua, mimi napiga taipu jibu.

Bosi wa kwanza niliyemfanyia kazi hiyo alikuwa mzee mkimya wa kutoka bara. Wakati mmoja wachimbaji wa Kishushe waliomba kukutana kujadili sehemu moja yenye mawe ya thamani. Kumbe kundi jingine limeomba uwanja huohuo, siku hiyohiyo, na makundi hayo yalikuwa yameshapigana. Hatari ilikuwepo, tena kubwa. Mzee yule alimtuma askari akaulize, akangoja siku mbili arudi, maana barabara ya Kishushe unaijua. Kisha akaandika kwa mkono, nami nikapiga taipu: nyinyi kutaneni Jumamosi, wenzenu watakutana Jumapili baada ya ibada, na askari wawili watakuwepo siku zote mbili. Hakuna aliyekatazwa. Hakuna aliyeumia. Sikuona ajabu yoyote, nilijua tu kwamba barua zake ni ndefu na zinanichosha vidole.

Akahamishwa. Akaja mwingine, na vyama vingi navyo vikaja. Maombi yakamiminika, ya wanasiasa na ya watu wasiojua siasa hata kidogo, vikundi vya akina mama, wakulima, wenye ng'ombe. Bosi huyu aliogopa kila kitu kilichokuwa na watu zaidi ya kumi. Kila asubuhi alinisomea sentensi ileile niipige.

Sitamsingizia. Wazo lilikuwa langu.

Nilichoka kupiga barua moja mara nyingi, nikamwambia, "Bwana, tukate stensili moja ya kurudufia. Tuache nukta mahali pa jina, kijiji na tarehe." Nikaikata siku hiyohiyo. Iliandikwa hivi: ombi lako la kufanya mkutano mahali fulani limechunguzwa kwa makini, na limekataliwa kwa sababu za usalama wa umma. Nikazungusha mashine ya kurudufu mpaka nikapata rundo la kutosha msimu mzima. Bosi alifurahi hadi akasimama. "Mama Wakesho, wewe ndiwe unayeendesha hii ofisi," akasema, akaniandikia barua ya sifa. Ndiyo ile iliyotundikwa sebuleni mpaka ukamaliza shule ya msingi. Ulikuwa ukiisomea wageni.

Lakini mimi sikupenda kazi ya ovyo. Barua iliyojazwa nukta huonekana imejazwa nukta. Basi nikatafuta utepe wa taipureta uliochakaa kiasi, ili wino wake ufanane na wa mashine ya kurudufu. Nikajifunza kulenga mstari hadi jina likae kana kwamba lilizaliwa pale. Aliyeipokea aliamini kwamba mtu mkubwa alikaa, akamsoma, akamfikiria, akamwandikia yeye peke yake. Niliona fahari. Karani wa ofisi ya jirani alipoishika moja akashindwa kutambua, nilifurahi siku nzima.

Angalia basi hapo, wewe unayesoma mambo ya majaji. Sababu ilikuwa kwenye rundo, kabatini. Ombi lilikuwa bado halijaandikwa.

Siku moja nikafungua bahasha nikakuta mwandiko wa Mwadime. Ndovu walikuwa wametoka mbugani na kushuka mpaka chini ya mlima Kasigau, wakala mahindi na pojo, wakamvunjia jirani yake ghala. Watu wa Rukanga walitaka kukutana kwenye uwanja wa shule, waandike barua moja ya kuomba uzio na fidia. Mwadime alikuwa katibu wao kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Hakuniambia kabla. Alijua nilipo, akaona si vizuri kunitia mashakani. Hivyo ndivyo mjomba wako alivyo.

Nilipeleka ombi kwa bosi. Alitazama neno mkutano, akasema, "Ile ya kawaida." Ningeweza kufungua mdomo. Ningesema, Bwana, hawa ni wakulima, wanalilia shamba, nawajua mmoja mmoja, mmoja wao tumenyonya titi moja. Niliondoka na lile ombi mkononi. Nilijiambia kwamba nikisema atajua ni ndugu yangu, na kazi itakwenda, na karo yako itatoka wapi. Nilichukua karatasi kabatini, nikajaza: Mwadime. Rukanga. Tarehe. Nililenga vizuri sana.

Barua ilifika siku moja kabla ya mkutano. Watu wa vijiji vya mbali walikuwa wameshaanza kuja kwa miguu, na Mwadime hakuwa na njia ya kuwazuia, basi wakakaa chini ya ukuta wa shule wakaongea. Askari wakaja wakamchukua yeye kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye barua. Alikaa rumande wiki sita kabla ya kesi kutupwa. Ndio wakati wa kulinda mahindi usiku kwa moto na madebe. Mkewe alilinda peke yake na mtoto mgongoni. Ndovu hawakuacha hata bua. Mwaka ule tuliwapelekea unga, na mimi ndiye niliyeubeba, na mke wa Mwadime alinishukuru huku akilia. Nilipokea shukrani hiyo, Wakesho. Nilisema karibu.

Uliijua hadithi ya rumande. Mjomba wako alikupa ile barua ulipoanza sheria, akakwambia ikusaidie. Nawe ukaandika insha juu yake, insha hiyo ndiyo iliyokushindia nafasi hii, na ukaja ukaisoma hapa mezani kwa sauti huku baba yako akifuta miwani. Ulisema sheria ilikuwepo, sawa, ingawa ni pana mno. Ulisema usalama ni lengo linalokubalika. Ulisema serikali ilianguka kwenye swali la tatu, kwa kuwa ingeweza kutuma askari wawili wakae pembeni. Nikawaza Kishushe. Kisha ukasoma: "Hata hivyo, ni haki kukiri kwamba ofisa mhusika alilichunguza ombi hili na kulitolea uamuzi wake, ingawa alikosea."

Mwanangu, ulitaka kuwa mwadilifu. Uliipa serikali sifa yake, kama mtu mzima anavyofanya, na sifa yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yangu. Yule bosi sikumdanganya. Nilimdanganya Mwadime, na miaka kadhaa baadaye uongo huohuo ukamdanganya mtoto wangu mwenye akili kuliko wote ninaowajua. Nilipiga makofi pamoja na baba yako.

Ulinieleza pia kwamba majaji wa kimataifa huiachia serikali nafasi fulani ya kuamua, kwa kuwa iko karibu na watu wake na inazijua hali za nyumbani kuliko wao walio mbali. Sikatai. Yule mzee wa Kishushe alistahili nafasi hiyo, jaji wa Ulaya asingejua barabara ile wala ugomvi ule. Lakini nafasi hiyo alipewa pia bosi wangu wa pili, na huyo hakuwa anajua chochote. Alikuwa na kabati tu. Kwa hiyo utakapofunguliwa yale mafaili, na ukakuta serikali imeandika kwamba ilipima kwa makini, nakuomba ufanye jambo moja ambalo labda maprofesa hawatakufundisha. Uliza sababu hiyo iliandikwa siku gani. Uliza ni nani alitumwa kwenda kuangalia, na alirudi na nini. Omba barua walizoandikiwa wengine mwezi huohuo, uziweke moja juu ya nyingine, uziinue dirishani. Zangu zingelingana mstari kwa mstari, isipokuwa jina.

Wala usimsahau karani. Katika kila faili kuna mtu aliyepiga taipu, na mara nyingi anajua. Usimchukie kabla hujamwuliza. Ukimwuliza, usimwonee huruma haraka pia. Mimi huruma nilijipa mwenyewe miaka mingi, na haikunisaidia kufungua mdomo.

Nimefungua leo. Mwadime alifika amebeba mfuko wa pojo na jogoo wa sherehe yako, suruali imejaa vumbi, anacheka. "Kwawuka," akanisalimu, kisha akauliza, "Yuko wapi wakili wetu?" Nikamwambia uko Kaloleni. Nikamkalisha jikoni, na nikiwa nanyonyoa jogoo nikamweleza yote, toka stensili mpaka ule unga.

Aliokota manyoya yaliyoanguka sakafuni. Halafu akauliza, "Ile barua yangu. Ilikuchukua muda gani?"

Nikasema, "Dakika mbili. Labda tatu, kwa vile nililenga."

"Mimi ile ya kuomba niliandika siku tatu," akasema. "Niliandika, nikafuta, nikaandika. Nilisema wataona sisi ni watu wa maana."

Kisha akatoka nje. Sikumfuata. Nilimaliza jogoo, nikamtia sufuriani, nikaosha mikono, nikachukua karatasi hii. Nilipofika pale pa Kishushe aliingia akanywa maji, akaona naandika. Nikamwambia ni kwako, na kwamba naogopa utaniona vipi. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayarembesha:

"Mimi bado nimekukasirikia, dada. Sijamaliza, na sijui nitamaliza lini. Usinikimbize. Lakini mtoto asitoke hapa na uongo kwa sanduku. Andika yote, na jina lako uweke."

Yuko hapo nje bado. Kesho atakuja stesheni kukusindikiza, amesema hilo halina mjadala, na kama ulimwona amesimama mbali nami kidogo kwenye jukwaa, sasa unajua kwa nini. Usijaribu kutupatanisha kutoka huko uliko.

Nilikuwa naogopa kwamba ukijua hutanitazama tena vilevile. Bado naogopa. Lakini nimekaa nikafikiri, huyu mtoto nimemlea mwenyewe, na alipokuwa na miaka kumi na saba alinishtaki kwa mama yangu mzazi, akashinda, akaniletea zawadi kutoka Taveta. Anaweza kuubeba ukweli wangu. Ninajivunia wewe kuliko ile barua ya sifa, kuliko miaka ishirini na miwili, kuliko chochote nilichowahi kukamilisha kwa hizi mikono.

Irekebishe ile insha. Futa ile sentensi uliyoiandika kwa wema wako. Na siku utakaposimama mbele ya majaji, wakikuambia kwamba huenda kuna mtu mahali fulani alilichunguza ombi la mjomba wako kabla ya kulikataa, waambie hakuna. Wakikuuliza umejuaje, usione haya, Wakesho. Waambie aliyekuwa kwenye taipureta ni mama yako.

Mama yako anayekupenda,
Mama Wakesho, karani mstaafu, Voi